Sori Uliyonifundisha Nusu

Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

Nikianza na salamu nitalia kabla ya mstari wa pili, kwa hiyo acha nianze kwa kukugombeza, ndivyo tulivyozoeana. Ulinifundisha vibaya. Umesikia? Ulinifundisha Kiingereza vibaya, nami nikakuamini, maana wewe ulikuwa mkubwa na mkubwa hakosei. Leo nimemaliza chuo kikuu. Watoto wa jirani hapa Mangobo wakiniona napita wananirushia salamu za Kiingereza kwa mzaha, na mimi nawajibu. Lakini katika lugha hiyo yote kuna neno moja ambalo nikilisikia nageuza uso. Ni neno lako. Wewe ndiye uliyelileta nyumbani.

Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa. Papa na wafanyabiashara wenzake wa Butembo walisema Kinande dukani, hasa pale mteja amesimama mbele yao na hawataki aelewe. Mama, binti wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko, alitufokea kwa lugha ya kwao na kutubembeleza kwa Lingala. Njiani ni Lingala. Mezani ni Kiswahili, hiki chetu, ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika mbavu. Shuleni Kifaransa, na ole wako neno la nyumbani likuponyoke mbele ya mwalimu. Mtoto wa kwetu akiumwa tumbo, ilibidi kwanza afikirie anamwambia nani. Mama alikuwa anasema, "Hii nyumba iko na midomo mingi kuliko masikio." Sisi tukicheka. Tulidhani ni mzaha.

Kiingereza kilikuja kwetu kama mgeni wa Papa. Alikuwa amechoka kununua bidhaa kupitia midomo ya watu. Kila safari ya Kampala alirudi ananung'unika kwamba mtafsiri amempiga chenga, na siku moja, tonge la fufu bado liko mkononi, akatangaza: "Kifaransa inaleta diplome, bon. Lakini Kiingereza njo inaleta bintu, inaleta mali. Paluku atajifunza." Mama akauliza kama midomo iliyopo haitoshi. Papa akatia tonge mdomoni. Wewe tayari ulikuwa umenyoosha shingo kama mtu aliyetawazwa chifu asubuhi hiyo.

Ukaanza kwenda mchana kwenye kile chumba nyuma ya parokia walikofundisha Kiingereza, na kila ulichookota kule ulikuja kunimwagia mimi kibarazani. Mimi nachambua pondu, majani ya muhogo, wewe unatembea mbele na nyuma na kofia ya Papa kichwani, mikono mgongoni. Ulikuwa mwalimu mwenye majivuno, wacha nikuambie. Samaki wa wajomba hawakuruhusiwa kuingia kwenye mafuta mpaka niwataje kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kifaransa, kwa lugha ya Mama, halafu kwa Kiingereza. Mama akiona moto unazimika alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni, "Samaki hasikiagi hata moja! Leteni!" Basi tunacheka, tunapeleka, na mimi usiku nalala narudia maneno yako kwa midomo bila sauti.

Sasa neno lenyewe. Ni ile siku nilipomwaga maji ya vyombo bila kutazama, yakakupata kwenye viatu ulivyokuwa umevisugua mpaka vinang'aa.

"Sema sori!" ukanguruma.

"Sori ni nini?"

"Ni pardon. Ni musamaha. Ukikanyaga mutu, sori. Ukimumwangia mutu maji, sori. Bangereza banaomba musamaha kuliko batu ya kanisa."

Mimi na ubishi wangu nikauliza, "Na kama mutu amejimwangia maji yeye peke yake? Mie niko napita tu, naona ameloa. Namwambia nini?"

Ukafikiri kidogo. Najua hukujua jibu, nilikuona ukitafuta kichwani, lakini mwalimu gani anakubali? Ukasema, "Ile haikuangalie, haikuhusu. Pita."

Tukacheka mpaka Mama akatoka na mwiko. Na neno hilo, pita, likawa mchezo wetu. Mtu akileta umbea, pita. Mtu akianguka na baiskeli, haikuangalie, pita. Tulikuwa wajinga wenye furaha, Yaya.

Halafu ukapanda lori la wale wa Butembo lililoleta maharage na vitunguu, ukaondoka nalo. Ulisema unaenda Kampala kukomaza Kiingereza, kisha unarudi kuwa mdomo wa Papa. Mama alikufungia kwanga, mkate wa muhogo, kwenye majani na samaki wa kukaushwa, ukasema mzigo unanuka, ukaubeba hivyo hivyo. Kampala ilikutosha? Haikukutosha. Ukateremka, ukateremka, tukasikia uko Zambia, tukasikia umefika Afrika Kusini, unafungasha machungwa kwenye masanduku. Papa alinuna, halafu akaanza kukusifia dukani. Kila ulipopiga simu ulisema "huku kwenye machungwa", "sisi wa machungwa". Hata siku moja hukututajia jina la shamba wala la mji. Ulisema tu kwamba unalala chumba kimoja na mzee mmoja wa Malawi, mpole, anakupikia ugali na kukukemea usipokula. Mama alimpenda yule mzee bila kumwona. Katika kila rozari alimwingiza.

Na unakumbuka nilipoanguka mtihani wa taifa? Nilikupigia nikilia, ukaniambia, "Sori, leki, mdogo wangu."

Nikakujibu kwa hasira, "Sori ya nini? Weye haukunifanya kitu."

Ukacheka. Nakusikia mpaka leo ulivyocheka, kicheko cha mtu aliyegundua kosa lake la zamani. Ukasema, "Hapana, Masika, hii ni ingine, ngoja nikuele..." na mtandao ukakatika. Ulipopiga tena baada ya siku kadhaa, tuliongea kuhusu malaria ya Mama, na mambo ya neno lile hakuna aliyeyakumbuka.

Nakuuliza, Yaya, ingekugharimu nini kulikumbuka?

Ilikuwa Jumapili, nami narudia mwaka. Tumetoka misa, Mama amekaanga samaki, Papa amevua viatu. Simu ya Papa ikaita na kwenye kioo ikatokea picha yako, ile ya kofia nyekundu. Papa alifurahi mpaka akasahau kutafuna. Akaweka sauti ya nje ili tusikie wote, akapaza, "Paluku! Mutoto yangu! Umekula?"

Sauti haikuwa yako. Ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, nzito, na ilisema Kiingereza.

Papa akanisukumia simu. "Masika, sikiliza. Njo kazi yako."

Nilikuwa na maneno ya kibarazani na ya darasani, basi. Nilijua rangi na siku za juma. Mtu yule alisema haraka, na simu inakwaruza, nikadaka nilichoweza kudaka. Nikadaka ndugu. Nikadaka hospitali. Halafu nikadaka "dead", nililolijua kwa sababu kwenye kitabu chetu cha shule kulikuwa na mbwa aliyekufa kwenye ukurasa wenye picha. Nikasema, "Anasema Yaya amekufa," na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo parokiani. Mama aliachia sahani. Alikaa chini pale pale, kwenye mafuta, akaita jina lako kwa lugha ya kwao.

Papa hakukaa. Alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia. Yule mtu alikuwa bado anasema: "I was with him. I am sorry. I am so sorry."

"Anasema nini?" Papa akauliza.

"Anasema alikuwa naye."

"Alikuwa naye. Na kisha?"

"Anaomba musamaha."

"Musamaha ya nini?"

Sikujua. Mtu akasema tena sori, na tena, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Anaomba musamaha sana, Papa. Anaomba bila kuacha."

Jiweke mahali petu, Yaya. Mtu usiyemjua anapiga kwa simu ya mwanao. Anasema mwanao amekufa, anasema alikuwa naye, anaomba msamaha bila kuacha, na analia. Kwetu anayeomba msamaha ana kosa. Asiye na kosa anakupa pole, anavuta kiti, anakaa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hivyo ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe na viatu vyako vikiwa vimeloa.

"Muulize amefanya nini," Papa akasema.

Nikauliza. Na hilo swali, Mungu anisaidie, nililitunga sawasawa, bila kosa hata moja: "What did you do?"

Yule mtu akasema, kama anayeuliza, "Sori?"

Leo najua kwamba hakuwa amenisikia. Bangereza wako, mtu asiposikia vizuri naye anasema sori, maana yake rudia. Neno moja wanalivalisha kila nguo. Lakini siku ile nilimgeukia Papa nikasema, "Hajibu. Anaomba tu musamaha tena."

Papa akaisogelea simu, macho makavu. "Mwambie: weye njo uliua mutoto yangu."

Nikamwambia.

Hakujitetea. Nilisikia pumzi yake, ndefu, halafu akasema lile neno mara ya mwisho, kwa sauti ndogo, na simu ikakatwa. Papa akapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, imezimwa. Kesho yake imezimwa. Mtu pekee chini ya jua aliyejua walipokulaza alikuwa upande wa pili wa ile simu, na sisi tulikuwa tumemwita muuaji.

Tulitafuta. Usidhani hatukutafuta. Papa aliuliza wafanyabiashara wote wanaosafiri, padri aliandika kwa mapadri wenzake, nami nilikaa kwenye mtandao natazama mashamba ya machungwa mpaka macho yanatoka maji. Ile nchi ni kubwa, na machungwa yako kila mahali. Papa akasema wametuficha. Kwa nini azime simu kama hana hatia? Nasi wote tukaitikia kwa kichwa.

Matanga yakawekwa bila maiti. Turubai, viti vya kuazima, watu wa Mangobo, wajomba kutoka mtoni. Kila aliyeuliza umekufa na nini, Papa alijibu, "Bamemuua." Na mimi kila mara nilitolewa mbele kama shahidi: "Masika njo alisikia na masikio yake. Muuaji mwenyewe alikubali." Nilisimulia mpaka masimulizi yakawa laini, hayana tena mahali pa kukwama.

Mama yeye aliuliza jambo moja tu. "Bamemulalisha wapi?" Unawajua ndugu zake. Mtu akichukuliwa na maji, hawarudi nyumbani mpaka wamemtoa, hata kama amefika mbali, na kabla hajatolewa hakuna anayezungumzia kumaliza kilio. Mama amebaki hapo. Wenzake walikuja kumwambia wakati wa kuvua nguo nyeusi umefika, akawasikiliza, akawapa chai, akabaki nazo. Kitambaa kimefifia, sasa ni rangi ya jivu. Kikichanika anashona kingine cha rangi hiyo hiyo. Siku hizi watoto wadogo wa mtaa wanamwita Mama Mweusi, hawajui hata kwa nini.

Na Papa akaniandikisha Kiingereza chuo kikuu. Mimi nilitaka uuguzi, unajua. Akasema, "Hapana. Utajifunza vizuri, vizuri. Siku moja utamupata ule mutu, utamuuliza kwa Kiingereza yake." Basi nilisoma kwa hasira. Wenzangu walisoma kwa ajili ya kazi, mimi nilisoma kwa ajili ya kesi. Kila kitenzi nilikijaribu kwanza katika sentensi ya kumshtaki mtu. Nilipata alama nzuri, Yaya. Walimu walinisifu.

Mwaka wa mwisho walitutafutia wanafunzi wachache wa kutafsiri kwa wageni waliokuja kutazama mashamba ya Yangambi. Tukashuka mto kwa chombo cha injini, mvua imenyesha, ukingo wote ni utelezi. Mimi na viatu vyangu vya mjini, hatua ya kwanza tu, puu, nimekaa kwenye tope mpaka kiunoni. Wote wakacheka. Lakini mama mmoja wa Kenya, mtafiti wa mihogo, aliyekuwa bado amekaa kule mwisho wa chombo, mbali kabisa na mimi, akapaza sauti, "Oh, sori! Sori sana!"

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha alama nzuri kwamba asiombe msamaha, hakunisukuma.

Akacheka kwa upole, akageukia Kiswahili chake kilichonyooka. "Si lazima nikusukume, mwanangu. Sori ni pole tu. Umeanguka, nakuambia sori. Hata mtu akifiwa tunamwambia sori."

Nilibaki nimekaa. Walidhani nimevunjika mguu. Walinishika makwapa, wakaninyanyua, wakaniuliza panauma wapi, na mimi nilikuwa nasikia sauti moja tu, nzito, inayopasuka, kutoka kwenye machungwa. I was with him. I am sorry. Maneno yaliyokuwa yamelala masikioni mwangu miaka yote hiyo yakaamka na kujitafsiri yenyewe, moja baada ya jingine, polepole, na mimi siwezi kuyazuia. Nilikuwa naye. Poleni. Poleni sana. Nikamjibu, umefanya nini? Akasema hajasikia. Nikamwambia wewe ndiye uliyemuua. Na yeye, Yaya, yeye akasema pole.

Usiniulize nilitafsiri nini siku ile. Waliniambia baadaye kwamba nilifanya kazi vizuri.

Nilimwambia Papa dukani, nilipofika tu, kabla sijaenda nyumbani kuoga. Alikuwa anapanga mifuko ya maharage ukutani.

"Papa, ule mutu hakukuwa anaomba musamaha."

"Alikuwa anaomba. Weye njo ulitafsiri."

"Sori iko na maana zaidi ya moja. Ingine ni pole. Alikuwa anatupatia pole, Papa."

Aliendelea kusukuma mfuko mmoja ambao tayari ulikuwa umenyooka. "Alisema alikuwa naye."

"Ndiyo."

"Donc, basi, alimukaa pembeni. Mutoto hakukufa peke yake."

"Ndiyo, Papa."

"Donc..." akasema, akauachia mfuko. "Donc alikuwa analia pamoja na sisi."

Akakaa juu ya mfuko. Papa hakukulilia kwenye matanga, unajua? Hasira ndiyo iliyokuwa fimbo yake, ndiyo aliyotembelea miaka yote, na mimi nilikuwa nimekuja na tope langu la Yangambi kumnyang'anya. Alilia mchana kweupe, mlango wa duka uko wazi, wateja wanapita na kuchungulia. Sikujua pa kuweka mikono yangu.

Nyumbani Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa sana. Alisema, "Njo ule muzee wa Malawi. Mwenye alikuwa anamupikia." Halafu, baada ya kukunja na kukunjua kile kitambaa chake, akasema kitu ambacho nakisikia hadi leo. "Mulifukuza mutu ya kilio."

Wewe unajua uzito wa hilo. Kwetu hata adui akija kwenye kilio anapewa kiti. Hata mwizi. Unaweza kumkatalia mtu harusi, ubatizo, chochote, lakini aliyekuja kulia nawe humfukuzi. Na sisi yule aliyekufumba macho, yule ambaye pengine alikuvalisha nguo ya mwisho kwa mikono yake, tulimfukuza kwa kumwita muuaji, na Kiingereza nilichomfukuzia hakikuwa na kosa.

Jumapili iliyofuata Papa akaniita sebuleni. Alikuwa amevaa shati la misa. "Nifundishe ile neno," akasema. Papa wetu, ambaye hakuwahi kutaka hata kusalimia kwa Kiingereza! Nikalisema, akalirudia. Mama naye akalijaribu kutoka mlangoni, likatoka soli, kwa Lingala lake, na kwa dakika moja nilikuona wewe na kofia ya Papa kichwani unamsahihisha.

"Nikisema hivi, muzee ataelewa?"

"Ataelewa, Papa."

"Ataelewa ni sori ya pole ao ni ya musamaha?"

"Zote mbili. Neno ni moja."

"Hii lugha ni ya bavivu," akasema. Mama akacheka, kidogo sana, puani. Sijui kama unaelewa ni muda gani sikusikia hilo.

Akaipiga namba yako. Haijawahi kufutwa kwenye simu yake, na ile picha ya kofia nyekundu ipo. Akaweka sauti ya nje, akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kuingia kwa mkubwa. Mama akasogea. Haikuita hata mara moja, ikajibu sauti ya mwanamke, safi, isiyo na haraka. Sorry, ikasema, halafu maneno mengine, namba uliyopiga haipo.

Papa akainua kichwa. Lilikuwa neno la Kiingereza pekee alilolijua, na alikuwa amelitambua.

"Amesema sori."

"Ni mashine, Papa."

"Najua ni mashine. Lakini amesema sori."

"Ndiyo."

"Sori gani?"

Yaya, nimesoma lugha hiyo mpaka diplome. Nimesoma mashairi yao, nimeandika kurasa kuhusu vitenzi vyao. Papa alinitazama akisubiri, mwenye subira, kama siku ile alivyonisukumia simu, na Mama alinitazama, na ile sauti ikaanza tena tangu mwanzo. Nilifungua mdomo na hapakuwa na kitu ndani. Papa akasubiri kidogo tena, halafu akainamia simu, akasema, "Soli," kama Mama alivyosema, na ikakatika.

Hajapiga tena. Duka anafungua akikumbuka. Mama bado yuko kwenye nguo zake, na sasa hakuna tena wa kutuambia ulipolazwa, kwa hiyo sina la kumwambia ili azivue. Mimi natakiwa kwenda kuomba kazi ya kufundisha, na kila asubuhi nafika mpaka kwenye lango la shule na kurudi, kwa sababu najua mwaka utakapoanza mtoto mmoja atanyoosha mkono na kuniuliza maana ya neno hilo, na nitasimama mbele ya ubao kama nilivyosimama mbele ya Papa. Watu wanasema wakati unaponya. Kwetu haujaponya chochote. Umetuletea tafsiri tu, tena imechelewa.

Nakuacha hapa. Sijui nielekeze uso upande gani ninapokuaga, kwa hiyo nakuaga nikiwa nimekaa kibarazani, hapa ulipokuwa unatembea na mikono mgongoni. Lala, Yaya, popote mzee wa watu alipokulaza. Ukimwona kwenye ndoto zake, mpe kiti kwa niaba yetu.

Na lile swali nililokuuliza nikiwa na beseni mkononi, kwamba mtu akiwa ameloa bila kosa langu, nami napita tu, namwambia nini? Jibu lilikuwa lile lile neno. Lilikuwa tayari mdomoni mwako, na wewe ukaniambia nipite.

Sori, Yaya.

Leki yako, aliyepita